Fundi wa Mwaloni Anajibu: Kabla ya Kununua Pistoni, Tafuta Kilichoiua Mashine

Swali: Fundi, salamu kutoka Panyimur, Uganda. Nina boti ya kuvulia muziri, wale samaki wadogo, na mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40 ya stroki mbili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi alfajiri, ikaanza kupoteza nguvu, ikalia kama kitu kinakwaruzana, ikazimika. Nikavuta kamba, haikusogea hata kidogo. Tulipiga kasia kwa muda wa saa nne kufika nchi kavu. Fundi wa hapa hajaifungua bado, lakini kwa maelezo yangu anataka shilingi milioni 2 na laki 3 abadilishe pistoni zote mbili na kuchonga silinda. Kuna mtu mwingine ananiuzia mashine nzima iliyotumika kwa milioni 4 na nusu. Nishike lipi?
Mvuvi, Panyimur

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya yote nafurahi kwamba mlikuwa na makasia. Upepo wa Ziwa Albert ukishateremka kutoka milima ya upande wa Kongo haumpi mtu muda wa kufikiri. Nimeshuhudia boti zisizo na kasia hata moja, eti kwa sababu mashine ni nzima.

Sasa tuje kwenye shida yako. Fundi hajafungua kitu, na tayari ametaja pistoni mbili. Hapo ndipo ninapokuomba umsimamishe. Si lazima awe mwizi, huenda hata amekisia sawasawa. Lakini mashine hiyo ina sehemu mbili zinazoweza kukaza: kule juu penye pistoni na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na kule chini kwenye mguu penye gia na pampu ya maji. Kamba ikikataa kuvutika, mkono wako haujui ni sehemu ipi iliyokataa.

Fungua plagi zote mbili. Weka gia kwenye nyutro. Ondoa kifuniko cha kamba, ushike flaiwili, lile gurudumu zito la juu, kwa mikono miwili na kuisukuma taratibu inavyozunguka saa. Ikikataa, usitie nyundo wala usimwite kijana mwenye misuli. Legeza bolti za mguu, achanisha waya wa gia, uteremshe mguu wote. Shafti ndefu itachomoka kutoka kwenye kranki. Rudi kwenye flaiwili. Ikizunguka sasa, pistoni zako hazina hatia, ugonjwa uko chini. Watu wengi wanadhani gia ikiwa nyutro basi mguu umetulia. Hapana. Propela ndiyo inayotulia. Shafti na gia yake ndogo huzunguka muda wote mashine inapowaka, kwa hiyo gia iliyovunjika au beringi iliyooza kule chini inaweza kuifunga mashine nzima.

Nimekutana na jambo hili zaidi ya mara moja. Uzi wa nyavu hujiviringisha nyuma ya propela, unakata sili, maji yanaingia, na oili ya gia inageuka kama chai ya maziwa. Mwenye mashine hajui, kwa sababu hakuna anayefungua kile kiskrubu cha chini kutazama. Fungua chako leo. Ikitoka chai ya maziwa, umepata ugonjwa mmoja hata kama juu kuna mwingine.

Kwa maelezo yako, ile kupoteza nguvu, kukwaruza, kisha kuzimika, mimi nami naelekea kuamini kuwa ni pistoni. Nakuonya kuhusu kitu kimoja: mashine iliyokaza kwa joto mara nyingi ikipoa huachia yenyewe. Asubuhi unavuta kamba, inakubali, inawaka, watu wanashangilia na kurudi majini. Usifanye hivyo. Aluminiamu ya pistoni imeshajipaka kwenye ukuta wa silinda, ringi, yaani pete za pistoni, zimebanwa ndani ya mifereji yake, na safari ya pili itamalizia kilichobaki, pengine pamoja na kranki.

Ikiwa bado imekaza, mimina ndani ya matundu ya plagi oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli. Mafundi wengine hutumia ile oili nyekundu ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, nayo inapenya vizuri sana, ila asetoni inashika moto upesi, iwe mbali na jiko na sigara. Iache siku mbili tatu, ukiongeza kidogo asubuhi na jioni. Kisha sukuma flaiwili mbele na nyuma, mbele na nyuma, nywele kwa nywele. Haraka hapa inavunja konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki.

Ikishaachia, vua kichwa cha silinda, fungua ganda la injini, toa pistoni. Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu pistoni iliyokufa inasimulia ilivyokufa.

Ifute kwa petroli, uigeuze polepole kwenye mwanga wa mchana. Ikiwa mikwaruzo iko upande wa tundu la moshi peke yake, na kichwa cha pistoni kimepauka au ukingo wake umelika kama sabuni iliyolowa, silinda hiyo ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta kidogo: jeti, kile kitundu cha mafuta cha karbureta, imeziba, pampu ya mafuta imechoka, au kuna gasketi inayovuta hewa. Tazama na plagi yake. Plagi ya mashine yenye afya ina rangi ya kahawia. Hiyo itakuwa nyeupe, na pengine utaona chembe ndogo zinazong'aa. Hizo ni vipande vya pistoni yenyewe. Ikiwa mikwaruzo ni minne, imekaa pembe nne kama miguu ya meza, pistoni ilivimba kuliko silinda. Ama mashine ilikosa maji ya kupooza, ama iliwashwa ikiwa baridi na kufunguliwa gesi yote papo hapo. Ikiwa pistoni zote mbili zimechubuka pande zote, na beringi za konrodi zimegeuka rangi ya buluu, petroli haikuwa na oili ya kutosha, au haikuwa nayo kabisa, maana mashine za stroki mbili hupata oili yake ndani ya petroli.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Butiaba, nililetewa mashine iliyokaza. Nikabadilisha pistoni moja, nikapiga msasa silinda, nikaifunga, ikawaka vizuri ndani ya pipa. Nililipwa. Siku ya tatu ikakaza tena katikati ya ziwa, usiku, ikiwa na watu sita. Walipeperushwa mpaka kulipokucha, ndipo boti ya wachuuzi ikawavuta. Walipofika mwaloni hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja kati yao aliketi tu kwenye mchanga, mikono ikimtetemeka, na nilitamani afadhali angenipiga. Nilipoteremsha mguu wa ile mashine, nikafungua pampu ya maji, impela ya mpira ilikuwa imebaki na mabawa mawili tu. Mengine yalikuwa yamekatika na kupanda juu, yakaziba njia ya maji. Pistoni yangu mpya haikuwa na kosa lolote. Niliirudisha pesa yote, na tangu siku hiyo siifungi mashine iliyokaza kabla sijaishika impela mkononi na kuhesabu mabawa. Bawa likikosekana, nalitafuta kwenye njia za maji mpaka nilipate.

Kwa hiyo muulize fundi wako swali moja: nini kiliiua? Akikujibu huku amekushikia pistoni, mpe kazi. Akisema hizi mashine ndivyo zilivyo, beba mashine yako.

Sasa pesa. Milioni 2 na laki 3 ni bei ya nini hasa? Iwe na pistoni na ringi, beringi ndogo za juu ya konrodi, gasketi zote, sili za kranki, impela mpya na kuosha karbureta. Yakiwa yote hayo yamo, pamoja na kuchonga silinda, mimi ningetengeneza yako badala ya kununua mashine nisiyoijua maisha yake. Lakini kwanza shika kila konrodi, uivute juu na chini. Ikicheza kushoto na kulia kidogo, ni kawaida. Ikicheza juu na chini hata kidogo, beringi ya kranki imekwisha, na kranki ya mashine hizi hutenganishwa kwa presi na kunyooshwa na mtu mwenye vipimo, si kwa nyundo juu ya gogo. Ikifika huko, au ukikuta konrodi imetoboa ganda la injini, acha. Tafuta nyingine, na yako uibakize kwa ajili ya vipuri: mguu, karbureta na klampu zake za kuishikia kwenye boti bado ni mali.

Kuhusu kuchonga: pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukikwama, msasa hautatosha. Nunua pistoni ya oversaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya awali, kwanza, ya milimita 0.25 au 0.50 kulingana na kina cha mkwaruzo, kisha ipeleke pamoja na silinda kwa mchongaji wa Arua, au Katwe kule Kampala, aipime hiyo pistoni na kuchonga kwa kuifuata. Wengine wanachonga kwanza halafu ndipo wanatafuta pistoni ya kufanana, na pistoni inagongagonga ndani kama nazi kwenye gunia. Mwambie pia alainishe kingo za matundu ya silinda baada ya kuchonga. Kingo zikibaki kali zitanasa ringi, na ringi iliyovunjika huanza balaa upya.

Ikishafungwa, saa 10 za kwanza ni za kuizoesha. Lita 20 za petroli zipate mililita 800 za oili, mara mbili ya kawaida. Nusu gesi, ukibadilisha mwendo mara kwa mara, bila mzigo mzito. Najua muziri wakipanda mtu hataki kusikia habari ya nusu gesi. Vumilia.

Na ukiamua kununua ile ya milioni 4 na nusu, usinunue mashine iliyolala kwenye nyasi. Ifungwe kwenye boti, iendeshwe nusu saa. Tazama kama inakojoa vizuri, yaani inarusha nje maji ya kupooza, mkojo wenye nguvu na wa mfululizo. Pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote mbili. Tofauti yao isizidi sehemu moja ya kumi. Kisha tazama kibati cha namba kwenye klampu. Kikiwa kimebanduliwa au kukwanguliwa, ondoka, hata bei ikishuka nusu. Mashine zinaibiwa sana kwenye maziwa yetu, na siku mwenyewe akiitambua mashine yake nyuma ya boti yako, maneno yako hayatasaidia. Andikeni mkataba wenye namba ya mashine mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1.

Swali: Fundi, mimi ni mama mwenye boti mbili hapa Katosi. Nawapa vijana petroli na pesa ya oili. Ndani ya mwaka mmoja mashine mbili zimekufa, na kila fundi anasema oili haikuwepo. Vijana wanaapa kwamba waliweka. Nitajuaje ukweli?
Mama wa boti, Katosi

Jibu: Pole sana, mama. Mashine mbili kwa mwaka ni ada ya shule ya watoto imezama.

Chukua karatasi nyeupe, dondoshea tone moja la mafuta kutoka kwenye tangi la boti ikirudi. Subiri petroli iruke. Petroli tupu huacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta, na mara nyingi oili ya boti huwa na rangi ya buluu, utaiona. Weka pembeni tone la mchanganyiko ulioupima mwenyewe, ulinganishe madoa mawili. Fanya hivyo mbele ya vijana wenyewe, kwa upole, nao watazame.

Lakini mama, usiwahukumu kabla hujajua walinunua oili gani. Huenda waliweka kweli, wakaweka ya gari, au ile ya pikipiki za stroki mbili, kwa kuwa ni rahisi na iko kila duka. Oili ya gari haikutengenezwa ili iungue. Inaacha masizi magumu kwenye ringi na plagi. Ya boti ina maandishi TC-W3 kwenye kopo. Usipoyaona maandishi hayo, rudisha.

Dawa yangu kwako ni kuchanganya mwenyewe, au mtu wako wa nyumbani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, pima mililita 400, piga mstari kwa msumari. Hiyo ni oili ya jerikeni moja ya lita 20, yaani lita 1 kwa lita 50, ndicho kipimo cha mashine nyingi za stroki mbili za wavuvi. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu. Tia oili kwanza, petroli nusu, tikisa, jaza, tikisa tena. Vijana wapokee jerikeni ambayo tayari ni mchanganyiko. Pesa ya oili isipopita mikononi mwao, hata ugomvi unakwisha, na aliyekuwa mwaminifu siku zote anapumua.

Waagize pia watazame mkojo wa mashine kila wanapowasha. Pale kwenu gugu maji na mifuko ya plastiki vinaziba tundu la kunyonya maji, na mashine inaweza kuungua hata ikiwa na oili ya kutosha. Mkojo ukikatika, wazime papo hapo, wainue mguu, wasafishe. Impela mimi nabadilisha kila mwaka. Boti inayosukumwa kwenye mchanga ikiwa mashine inawaka, mara mbili kwa mwaka, maana mchanga unakula mpira ule kama msasa.

Swali: Mzee, mashine yetu ya nguvu farasi 25 ilichomoka kwenye boti Alhamisi, ikazama mita kama tatu. Ijumaa tuliitoa, tukaifuta, tukaianika juani ikauke vizuri tukisubiri fundi. Alikuja Jumatano, imekaza. Tulikosea wapi?
Kijana wa Kalangala

Jibu: Mlikosea kwenye kuianika, kijana wangu, na sikulaumu, karibu kila mtu angefanya hivyo. Chuma kilichozama hakiozi haraka kikiwa bado majini. Kinaoza kikitoka, hewa ikakutana na ule unyevu uliobaki ndani. Siku tano za jua zimetosha kuzishika ringi na kuzitia beringi za kranki kutu.

Siku nyingine, mkiitoa, saa ileile vueni plagi, ilazeni matundu yakitazama chini, zungusheni flaiwili mpaka maji yaishe. Mwageni mafuta yote, osheni karbureta, tieni oili ndani ya silinda, mjaribu kuiwasha siku hiyohiyo. Kama hakuna fundi wala vifaa, irudisheni ndani ya pipa la maji safi, izame kabisa, mpaka fundi afike. Linasikika kama wazimu, lakini ndilo linaloiokoa.

Kuna jambo hukuniambia: ilikuwa inawaka ilipochomoka? Kama ndiyo, msivute kamba kwa nguvu hata ikiachia. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda inayozunguka yanapinda konrodi. Ifungueni kwanza, mtazame kama konrodi zimenyooka. Kama ilikuwa imezimwa, mnayo nafasi nzuri: oili na dizeli kwenye matundu ya plagi kama nilivyomwambia mwenzenu wa Panyimur, uvumilivu wa siku kadhaa, kisha ifunguliwe hata ikiachia, beringi zitazamwe. Yenye madoa ya kutu ibadilishwe.

Na kabla hamjairudisha kwenye boti, kazeni klampu kwa mkono kila mnapotoka, maana hulegea kwa mtetemo. Kisha pitisheni mnyororo kwenye mikono ya klampu na kuufunga kwenye pete iliyopigiliwa tezini, kwa bolti inayotokea upande wa pili wa ubao. Msumari hautoshi.